Wale Waliouliza Jibu Sahihi ni Lipi

Nilikwenda London kusomea elimu ya wasichana wa vijijini, nikaishia kuwapima Wachina. Ndivyo ninavyowajibu wanaoniuliza, nao hucheka wakidhani natania, lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari Njombe nilipopata ufadhili wa shahada ya pili, mwishoni mwa miaka ya tisini. Ufadhili ule ulilipa ada na chumba, basi. Nauli ya kurudi nyumbani kukusanya data haikuwemo. Msimamizi wangu, mama wa Kiingereza aliyekuja kazini kwa baiskeli hata siku za mvua, aliniita ofisini kwake mapema kabisa, hata sijazoea baridi. Akaniambia bila kuzunguka kwamba utafiti niliouombea nafasi hautawezekana. Nilihisi kama nimerudishwa mlangoni na mizigo yangu.

"Ila nina mradi mwingine hapahapa," akasema. "Tunapima tabia ya kutaka ukamilifu kwa wanafunzi wa vyuo wanaotoka China. Nahitaji mtu wa kukaa nao na kuzungumza nao."

Mimi na Wachina wapi na wapi? Sikusema hivyo. Nilisema kwa adabu kwamba sijui hata neno moja la Kichina.

"Vizuri," akajibu. "Kuna mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamivu, naye ni Mchina. Akiwauliza yeye, wanamjibu kama wanavyomjibu mwalimu. Wanaogopa. Kila mmoja ana shangazi anayemfahamu shangazi wa mwenzake. Wewe humfahamu shangazi wa mtu yeyote."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi, kwa sifa ya kutojuana na watu.

Chumba nilikipata Rayners Lane, mwendo mfupi kutoka stesheni, kwa mjane wa Kihindi aliyezaliwa Tabora. Hatukujua kwamba tuna lugha moja mpaka siku aliponisikia nikizungumza na nyumbani kwenye simu ya ukumbini. Alitoka jikoni mikono ikiwa na unga, akasimama ananitazama, na nilipokata simu akasema, "Kumbe wewe mtu wa kwetu!" Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha jikoni, cha kupatana bei ya nyanya na kumkaripia mtoto, na hakikuwa kimeota kutu. Watoto wake walikielewa, lakini walimjibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo akawa na hamu ya kuzungumza. Akaniita mwanangu, nami nikamwita Mama, na hatujaachana na majina hayo mpaka leo.

Jioni moja aliniuliza nasomea nini hasa. Nikamweleza, nikiwa nimeegemea friji huku yeye akisukuma chapati. Nikasema wataalamu wanadai watu wanaotaka mambo yawe bila dosari si wa namna moja. Wapo wanaojiwekea lengo la juu, wakalifikia au wakalikosa, na wakalala usingizi. Wapo wanaojiwekea lengo lilelile la juu, lakini kila kosa linawatafuna, na hata wakishinda hawafurahi. Na wapo ambao hawana habari na hayo yote.

"Mimi wa tatu," akasema Mama papo hapo. "Chapati ikitoka na kona, basi ina kona. Inaliwa. Na wewe?"

Nikamwambia labda wa kwanza.

Alinitazama kidogo. Asubuhi ile alikuwa ameniona nikiipiga pasi blauzi ileile kwa mara ya pili kabla ya kwenda kuketi maktaba, ambako hakuna aliyenitazama. Alinigeuzia chapati akanipa.

Yule mwanafunzi wa uzamivu alikuwa binti mwembamba, mdogo kwangu kwa miaka michache, mwenye miwani iliyokuwa ikimteremka puani kila alipoinama kusoma. Siku ya kwanza aliniuliza umri wangu, bila aibu, na nilipomwambia akaniita kwa neno la kwao lenye maana ya dada mkubwa. Nami nikamwita mdogo wangu. Kiingereza tulichozungumza kilikuwa cha kuazima pande zote mbili, na nadhani ndiyo sababu tulielewana: hakuna aliyekuwa na haraka.

Kazi yake ilikuwa kulihamisha dodoso la mradi, yale maswali ya kupima tabia ile, kutoka Kiingereza kwenda Kichina. Likishahamishwa, mtu mwingine ambaye hakuliona la mwanzo alilirudisha kwenye Kiingereza, kisha tunayaweka mawili bega kwa bega tuone kilichopotea njiani. Ilikuwa kazi ya subira, na mdogo wangu alikuwa na subira ya kutisha. Kuna sentensi moja iliyosema mtu anaona aibu akikosea. Neno la aibu alilibadilisha akalibadilisha tena, kwa sababu kwao, alisema, kuna aibu ya kuonekana na watu na kuna aibu ya kujiona mwenyewe. Nikamwambia kwetu pia kuna aibu, soni, haya na fedheha. Aliandika yote manne akaomba nimfafanulie kila moja. Mchana wote ukaisha. Tulikuwa hatujamaliza sentensi moja, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nitue uwanja wa ndege. Tangu nifike, hakuna mtu aliyewahi kutaka kujua kitu ninachokijua.

Tulipoanza kuwapa wanafunzi madodoso kwa majaribio, tuliketi kwenye kona ya kantini ya chuo. Karibu kila aliyelipokea aliuliza swali moja: "Jibu sahihi ni lipi?"

"Hakuna jibu sahihi," nikawa nasema. "Chagua linalokufaa wewe."

Walinitazama kama mtu anayewaficha kitu. Kijana mmoja wa uhandisi alikata jibu moja, akanijia akaomba karatasi safi, maana ile imechafuka. Nikampa. Wiki iliyofuata akaja tena. Amefikiri zaidi, akasema, na majibu yake ya mwanzo hayakuwa na uhakika. Je, anaweza kurudia? Mdogo wangu aligeuza uso akazuia kicheko, kisha kicheko kikamshinda, na kijana mwenyewe akacheka pia, kichwa chini. Tukamwambia haya ya mwanzo yanatosha. Hakuamini, lakini alikwenda.

Majibu yalipoanza kujumlishwa, tulishtuka. Kwa vipimo vya dodoso lile, karibu wote walikuwa watu wa aina ya pili, wale wanaotafunwa. Kundi zima la vijana waliokuwa wakila, wakicheka na kutaniana mbele ya macho yetu, kwenye karatasi walionekana wagonjwa. Msimamizi wetu aliutazama ule mkusanyiko, akavua miwani, akasema, "Ama China nzima ina huzuni, ama sisi tumeuliza vibaya."

Mimi ndiye niliyetumwa kuuliza vizuri. Nilizungumza nao mmoja mmoja, kwenye chumba kidogo chenye dirisha lililotazama matofali. Yalikuwepo maneno kwenye dodoso yaliyosema, Wazazi wangu wanatarajia niwe bora. Wote walikuwa wamekubali sana, na dodoso lilihesabu kukubali huko kuwa ni mzigo. Nikamuuliza binti mmoja anayesomea uchumi, kwa nini amekubali?

Akashangaa. "Kwa sababu ndivyo ilivyo. Mama yangu anafanya kazi kiwandani. Anataka niwe bora. Angekuwa hataki, ningelia."

"Kwa hiyo haikuumizi?"

"Inaniumiza wakati gani? Nikikosa, anasema, umechoka, kula kwanza."

Binti mwingine jibu lake lilikuwa lilelile kwenye karatasi, lakini mdomoni lilikuwa tofauti kabisa. Huyu alikuwa muogeleaji utotoni, wa kushindania mkoa. Alipofika umri fulani baba yake alimwambia hatakuwa wa kwanza kamwe, mwili wake haukujengwa hivyo, na kwamba kuwa wa tano ni kupoteza muda. Akaacha. Hakuwa ameingia majini tangu hapo.

"Uliumia kuacha mashindano?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema. Alichezea kifungo cha sweta. "Nilipenda maji."

Nilitoka kwenye chumba kile nikamtafuta mdogo wangu, nikamwambia yale mawili. Tulikaa kwenye ngazi za jengo, tukiwapisha watu waliopanda na kushuka.

"Unaona," akasema, "kutarajiwa ni kitu kimoja. Kulaumiwa ni kingine. Dodoso limevitia kwenye mfuko mmoja."

Nikamwambia habari za baba yangu. Alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, mwenye mwandiko wa kupendeza, na kila nilipoleta ripoti ya shule aliisoma kwa kusimama. Hakuisoma kwa kuketi hata siku moja. Akimaliza aliikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akasema, "Muhula ujao." Niwe wa kwanza, niwe wa kumi, ilikuwa muhula ujao.

"Na wewe ulisikiaje?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo. Nilifikiri, watu wakaendelea kupita. "Nilisikia kwamba muhula ujao upo," nikasema. "Kwamba ada italipwa. Kijijini kwetu wasichana wengi hawakuwa na muhula ujao."

Mdogo wangu aliipandisha miwani yake. "Hilo," akasema, "hatuna swali lake."

Tulipeleka hoja yetu kwa msimamizi kwa woga, maana dodoso lilikuwa limetumiwa na watu wakubwa kuliko sisi. Alitusikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza mimi, si mwenzangu, nirudie ile habari ya baba. Nikarudia. Akasema, "Basi tuvitenganishe," akachukua kalamu. Ndiyo yote. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi tangu wakati ule, na ninajua sasa jinsi lilivyo jambo adimu, mkubwa kumsikiliza mgeni wa miezi michache na kuchukua kalamu.

Tulipotenganisha matarajio na lawama, picha ilibadilika. Wale watu wa aina ya kwanza, wenye malengo ya juu na usingizi, wakajitokeza, nao walikuwa wengi. Wale wanaotafunwa walikuwepo, ndiyo, lakini sasa tuliweza kuwaona, hawakuwa wamefunikwa na wenzao. Yule kijana wa uhandisi, kwa mshangao wetu, alikuwa wa aina ya kwanza. Aliomba karatasi mpya kwa sababu alifurahia kuandika vizuri.

Kisha mdogo wangu akapotea.

Tasnifu yake ilikuwa imekwisha, ilibaki kukabidhiwa. Wiki ya kwanza alisema anarekebisha marejeo. Wiki ya pili hakuja. Simu hakupokea. Msimamizi aliniita, na safari hii hakuwa na mzaha. "Mnakaa njia moja ya treni," akasema. "Tafadhali, nenda ukamwone."

Alikuwa amepanga Harrow, kwenye chumba cha juu cha nyumba iliyopakana na nyingine kama mapacha. Mama aliposikia ninakokwenda alinifungashia wali na dengu kwenye bakuli la plastiki lililokuwa zamani na aiskrimu. Nilifika mchana wa Jumapili. Mdogo wangu alifungua mlango kidogo, akaniona, akafungua wote. Nywele hazikuwa zimeoshwa. Sakafuni karatasi zilikuwa zimepangwa safu kwa safu kutoka dirishani mpaka kitandani, na palibaki kijia cha kupita mtu mmoja.

"Umefika wapi?" nikauliza.

"Ukurasa wa kwanza."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Aya ya kwanza haijakaa sawa," akasema. "Nikiirekebisha, ya pili haifuatani nayo. Nikirekebisha ya pili, ile ya kwanza inakuwa ya uongo." Akaketi kitandani. "Dada, mimi ndiye ninayepima kitu hiki. Aina zake nazijua zote kwa moyo. Nilijaza dodoso langu mwenyewe, unajua? Ni wa aina ya pili. Nilijua tangu mwaka jana. Na kujua hakujanisaidia chochote."

Niliosha vyombo vilivyokuwa kwenye sinki, nikapasha wali, tukala tukiwa tumeketi juu ya kitanda, miguu imekunjwa ili tusikanyage sura ya tatu. Alikula kama mtu aliyekuwa amesahau kwamba kuna chakula. Alipomaliza aliangua kilio, kisha akaniuliza dengu zile zimetiwa nini. Nikasema sijui, tutamuuliza Mama.

Tukaanza kuziokota karatasi. Kila tuliyoiokota aliitazama, na kila alipotaka kuishika kalamu niliweka mkono juu ya kalamu. Hatukubishana. Jioni ilipoanza kuingia, rundo lote lilikuwa ndani ya bahasha kubwa ya kaki.

"Kesho nitakwenda nawe," akasema. "Peke yangu nitarudia njiani, najijua. Bahasha ushike wewe. Na usinirudishie, hata nikilia. Niahidi."

Nikaahidi. Nilidhani ni maneno tu.

Asubuhi tulipanda treni Harrow-on-the-Hill. Tulipata viti, jambo ambalo si la kawaida saa zile, nikaikumbatia bahasha kifuani. Mpaka Wembley Park alitazama nje dirishani. Hapo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nipe niangalie kitu kimoja."

"Hapana, mdogo wangu."

"Jedwali la sura ya nne. Nimekosea kichwa chake. Sekunde moja tu."

"Hapana."

Treni ile kutoka Wembley Park haisimami mpaka Finchley Road, na inakwenda kasi. Alinisihi njia nzima. Kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kichina, ambacho aliona pengine nitakielewa kwa kuwa ni cha kweli zaidi. Mzee aliyeketi mbele yetu aliinua gazeti likamfunika uso wote. Mimi nilitazama bomba la kushikia, nikawa namjibu kwa Kiswahili, "Tulia, mama, tulia, tunafika," kama ninavyombembeleza mtoto, na hakuna aliyemwelewa mwenzake na tukaelewana vizuri sana.

Finchley Road milango ilipofunguka, alisimama akashuka. Nilikuwa sijategemea. Alisimama pale jukwaani, akageuka, akanyoosha mikono yote miwili kuelekea kwangu. "Dada. Tafadhali."

Nilisimama mlangoni. Uso wake sitausahau. Ingekuwa rahisi sana kuteremka, au kumpa. Nilitikisa kichwa. Milango ikafungwa kati yetu, na treni ikaondoka ikiniingiza gizani na bahasha ya mtu mikononi, kama mwizi.

Nilishuka Baker Street nikasimama pale pale, nimebana bahasha, watu wananipita kushoto na kulia. Nilijiuliza nitamwambia nini msimamizi. Nilijiuliza kama nimempoteza rafiki. Treni iliyofuata iliingia, ikafungua milango, watu wakamwagika, na nyuma ya wote akatoka yeye, miwani imemteremka, mashavu yamelowa.

Alikuja mpaka mbele yangu. "Hukunipa," akasema.

"Uliniambia nisikupe."

"Sikuamini kwamba kuna mtu anayeweza kuninyima." Kisha akaanza kucheka, kile kicheko chake kinachomshinda, nikacheka nami kwa ahueni, tumesimama katikati ya jukwaa tukiwazuia watu waliochelewa kazini. Mmoja alisonya. Tulimwomba radhi tukaendelea kucheka.

Msimamizi wetu aliipokea bahasha kwa mikono miwili. Alikuwa bado na kofia ya baiskeli kichwani. Hakuifungua.

"Kuna kosa kwenye jedwali la sura ya nne," mdogo wangu akasema haraka.

"Natumaini yapo mengine," msimamizi akajibu. "Kazi yangu ni kuyatafuta. Ukiyamaliza yote mwenyewe, mimi nitakula nini?" Akaiweka bahasha kwenye droo, akaisukuma kwa goti ikafungwa, akawasha birika. Tulikunywa chai na biskuti za tangawizi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, mdogo wangu alichovya biskuti kwenye chai, ikakatika, ikazama, naye akaendelea kunywa.

Alitetea tasnifu yake mwezi uliofuata. Walimpa masahihisho madogo. Kichwa cha jedwali la sura ya nne hakikuwa miongoni mwake, hakuna aliyekiona.

Kazi yangu mimi ilipata alama ya kati. Si ya chini, si ya kujivunia. Nilikaa nayo kitandani Rayners Lane mchana mzima kabla sijanunua kadi ya simu. Baba alikuwa amekwishastaafu, na sauti yake ilikuja na mwangwi, kama anazungumzia ndani ya mtungi.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu, Baba. Lakini siyo kwa…"

"Umefaulu," akasema, na sasa haikuwa swali. "Basi pumzika, mwanangu. Pumzika sasa."

Nilishuka chini nikamkuta Mama sebuleni, nikamwambia nimefaulu. Alipiga kigelegele. Kigelegele cha Tabora, mchana, nyumba za watu zimebanana vile! Jirani alichungulia dirishani. Mama akampungia mkono.

Yule binti muogeleaji nilikutana naye kabla hajarudi kwao. Alinisimamisha kwenye korido kuniambia kwamba anakwenda bwawani, kule kwa manispaa, Jumamosi asubuhi, kwenye mstari wa waogeleaji wa polepole pamoja na mabibi wenye kofia za maua. "Wananipita," akasema kwa fahari. Sijui kama mazungumzo yetu yalichangia. Sikumuuliza. Nilimshukuru kwa kunisimamisha, kwa sababu hakuwa na lazima.

Sikurudi Njombe kuishi. Nilipata kazi shuleni, nikakaa na watoto wanaojifunza kwa shida, nikaolewa na Mtanzania mwenzangu anayefanya kazi hospitalini, tukapanga nyumba Harrow, karibu na Mama. Mdogo wangu alirudi China akawa mwalimu wa chuo. Tulipigiana simu mara chache, lakini tulipigiana.

Binti yetu alipoanza shule, nilianza kumwona akichana karatasi. Anachora nyumba, anaitazama, anaichana, anachukua nyingine. Mimi ninayejua majina yote ya jambo hili niliingiwa na hofu ya kijinga. Jumamosi moja asubuhi, vipande vikiwa vimetapakaa kwenye zulia, nilimpigia simu mdogo wangu, maana kwao ilikuwa mchana. Nilimweleza. Nilisikia watoto wake wakigombana nyuma yake.

"Akichana, anafanya nini?" akauliza.

"Anachukua nyingine."

"Najua. Lakini uso wake ukoje? Nenda ukamwangalie. Nasubiri."

Nikaenda mpaka mlangoni na simu sikioni. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi, miguu inapigapiga hewani, na alikuwa akiimba wimbo wa shuleni, maneno nusu ameyabuni. Alichana kipande, akakipuliza kikaruka, akaendelea kuimba.

"Anaimba," nikasema.

"Basi muache achane," akasema. "Dada, yule anaimba."

Nilimshukuru, akaniambia nimsalimie Mama, tukaagana. Nilipokata simu, mtoto aliinua kichwa akaniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba karatasi zimekwisha. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba nimesikia, nikavaa koti, nikaenda dukani.